Safari ya Shubiri Moja

Chumba cha kupanga, Tandika, Dar es Salaam, jioni. Juu ya meza wamekaa SIMU, mwenye kioo kilichopasuka pembeni, na MZEE LAPTOPU, aliyeshuka bandarini ndani ya kontena la mitumba baada ya kutumikia ofisi moja huko Uingereza. Kati yao ni shubiri moja. Mwenye chumba, kijana, hupiga video za harusi kwa simu, na ile ya Jumamosi imo kifuani mwa Simu: dakika 40, gigabaiti 5 na ushei. Inatakiwa ivuke kwa Laptopu, ikatwekatwe, itiwe muziki, akabidhiwe mama wa bibi harusi, ambaye ameshaanza kupiga simu kwa sauti isiyo ya sherehe. Intaneti ya nyumbani hakuna. Kijana ameteremka dukani kwa Mangi kununua bando.

SIMU: Shikamoo, Mzee.

LAPTOPU: Marahaba, binti. Hiyo harusi bado hujaishusha tu?

SIMU: Nangoja bando. Likiingia naituma WhatsApp, wewe unaipokea, kwisha habari.

LAPTOPU: Naipokea kwa intaneti ya nani?

SIMU: Yangu. Nakuwashia hotspoti.

LAPTOPU: Hebu nipige hesabu, maana ndiyo kazi niliyozaliwa nayo. Gigabaiti 5 zinatoka kwako, zinapanda mnarani, zinazama baharini kwenye mkongo, zinakwenda kulala kwenye seva ya watu nje ya nchi. Mimi naziita zirudi. Zinarudi mkongo, zinarudi mnara, zinaingia kwako tena, ndipo zinanifikia. Tano za kwenda na tano za kurudi, bando moja, mlipaji mmoja. Yote hayo ili harusi ivuke hapo ilipo hiyo bilauri ya chai.

SIMU: Mzee nawe! Siku hizi watu wote wanafanya hivyo.

LAPTOPU: Tena WhatsApp yenyewe haichukui faili linalozidi gigabaiti 2. Ukiipeleka kama video ya kawaida, inaiminya mpaka bibi harusi anafanana na mshenga.

NJIWA (yuko dirishani, kwenye nondo): Jamani, samahani kwa kudakia. Nimesikia mkongo unatajwa. Mei 2024 mlikuwa wapi?

SIMU: Hapahapa. Nilikaa bila kazi.

NJIWA: Tarehe 12. Mikongo ya EASSy na Seacom ilikatika chini ya bahari, huko kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya hapa ikazorota. Nilizunguka mji siku ile. Nikawaona watu wawili wamekaa benchi moja, mabega yanagusana, wameshindwa kupeana picha kwa sababu waya umekatika kule chini ya bahari. Nilicheka nikakosa nguzo ya kutua.

LAPTOPU: Na wewe ungewasaidia nini?

NJIWA: Ukoo wetu ulishamaliza ubishi huu. Septemba 2009, Afrika Kusini, kampuni moja iliyochoshwa na intaneti yake ilimfunga ndugu yetu Winston kadi ya gigabaiti 4 mguuni. Akaruka kutoka Howick hadi Durban, kilomita kama 80, kwa saa moja na dakika nane. Ukijumlisha na muda wa kuingiza data kwenye kompyuta, ni saa mbili na dakika chache. Intaneti, kwa muda huohuo, ilikuwa imepitisha asilimia 4 ya mzigo.

LAPTOPU: Je, angekutana na mwewe njiani?

NJIWA: Basi mwewe angekuwa na gigabaiti 4. Kwani zenu mkishazipeleka huko kwenye seva, mnajua ziko kwa nani?

(Kimya. Kisha sauti inatoka kwa Simu na kwa Laptopu kwa pamoja. Ni BLUETOOTH, ambaye huwa yumo kila mahali na hatumiki popote.)

BLUETOOTH: Mnahangaika nami nipo? Sili bando, sihitaji waya. Jina langu ni la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10, aliyewaweka chini ya utawala mmoja watu wasioelewana. Nembo yangu ni herufi zake mbili za kale, zimekumbatiana.

LAPTOPU: Heshima yako, Mtukufu. Gigabaiti 5 utazivusha kwa muda gani?

BLUETOOTH: Ufalme haukimbizwi.

LAPTOPU: Muda gani?

BLUETOOTH: Kwa mwendo wangu wa megabiti 2 hivi kwa sekunde... saa tano na nusu. Mradi mtu asiondoke na Simu kwenda chooni uani. Tukikatikia asilimia 97, tunaanza upya.

NJIWA: Kwa saa tano na nusu mimi naenda Morogoro, nakunywa maji, narudi.

BLUETOOTH: Mkiwa na wimbo mmoja wa kurushiana, niiteni. (Anazimika.)

FLASHI (ananing'inia kwenye shada la funguo ukutani): Oya, mnajichosha bure. Nichomekeni kwa Simu na kile kichwa kidogo cha OTG, nibebe mzigo, halafu nihamie kwa Mzee.

LAPTOPU: Wewe usinisogelee. Jana ulilala wapi?

FLASHI: Stesheneri, pale Temeke. Nilipeleka CV ikachapwe.

LAPTOPU: Na kabla ya hapo?

FLASHI: Stesheneri nyingine. Kabla ya hapo ofisi ya serikali ya mtaa, kabla ya hapo chuo, kabla ya hapo kanisani kwa yule mtu wa projekta.

LAPTOPU: Ulivyoniingia mara ya mwisho, mafolda yako yote yalikuwa yamegeuka shotikati. Barua ya maombi ya kazi ikawa mshale. Bosi wetu akaubofya ule mshale, na ugonjwa ukanikolea.

FLASHI: Yule kirusi nilimpata kwa kompyuta mwenzako, Mzee. Mimi mbebaji tu.

SIMU: Hata angekuwa mzima, haiwezekani. Amefomatiwa FAT32. Faili moja likifika gigabaiti 4, analirudisha.

FLASHI: Lakini nina 32, na karibu zote tupu!

LAPTOPU: Chumba cha 32, mlango wa 4. Ufomatiwe upya kwa exFAT, utabeba.

FLASHI: Kufomatiwa ni kusahau kila kitu. Humu nina maombi ya mkopo ya watu watatu na risala ya msiba. Sifomatiwi.

LAPTOPU: Basi wewe, dada mwekundu, uliyejisokota hapo kwenye soketi. Una kichwa cha USB. Tuunganishe.

WAYA MWEKUNDU: Mimi? Mimi ni wa umeme tu.

LAPTOPU: Kichwa kinaingia kwangu.

WAYA MWEKUNDU: Kichwa kinaingia, ndani hamna kitu. Waya kamili wa namna yetu una nyuzi nne: mbili za chaji, mbili za data. Aliyenitengeneza aliziacha hizo za data ili abane shaba, kisha akanivika hii nguo ya kusokotwa. Yule machinga wa Kariakoo alinivutavuta mbele ya wateja waone sikatiki, akatangaza "orijino, fasta chaja". Hakuna aliyeuliza kama nabeba faili.

LAPTOPU: Ndiyo maana bosi alikuchomeka kwangu, akatazama kioo mpaka macho yakamtoka, akaapa kwamba porti yangu imekufa! Porti yangu imetukanwa kwa ajili yako!

(Laiti pakiti za nyaya za namna hii zingelazimishwa kuandikwa "chaji tu", mafundi wengi wangepumzika kufungua kompyuta zisizo na ugonjwa. Lakini tuendelee.)

WAYA MFUPI (kutoka nyuma ya redio): Hodi.

LAPTOPU: Nani huyo?

SIMU: Simjui.

WAYA MFUPI: Hunijui, dada? Tumetoka boksi moja. Wewe ulikuwa juu kwenye karatasi laini, mimi chini yako na kile kisindano cha kutolea laini. Ulivyopatiwa huyo mwekundu nikatupwa huku, kwamba mimi mfupi, mtu hawezi kujilaza kitandani huku anachati.

LAPTOPU: Nyuzi ngapi?

WAYA MFUPI: Nne, zote nzima. Mimi ni USB 2.0, kanuni ya mwaka 2000. Kwenye karatasi ni megabiti 480 kwa sekunde. Kwenye kazi yenyewe nipe megabaiti 30 kwa sekunde. Hiyo harusi yenu ni dakika tatu.

NJIWA: Hapo sishindani.

LAPTOPU: Dakika tatu! Na tumekaa hapa tunapelekana Ulaya! Basi tumalize.

SIMU: Taratibu, Mzee. Mimi nikichomekwa naandika "Inachaji", basi. Anayetaka faili anifungue kwa namba ya siri. Halafu namuuliza kama kweli anaruhusu.

LAPTOPU: Zamani hamkuwa hivi. Simu ilikuwa inanikabidhi kadi yake, naifungua mwenyewe.

SIMU: Na ikiwa mikononi mwako mimi siioni, na mtu akiichomoa kwa pupa inaharibika. Ndiyo sababu Android tumehamia MTP. Ghala nabaki nalo mimi. Wewe unaleta ombi dirishani, nakutolea faili mojamoja.

LAPTOPU: Masijala! Naijua masijala. Jalada lipo, kabati lipo, ila mwenye ufunguo ametoka kunywa chai.

FLASHI: Mzee, muulize pia kuhusu hotspoti.

SIMU: Flashi, nyamaza.

FLASHI: Hotspoti hailazimu bando. Nimeona kule chuoni, wanafunzi wanavyopeana muvi.

LAPTOPU: Ni kweli haya, binti?

SIMU: ...Ni kweli. Nikiwasha hotspoti na kuzima data, wewe ukajiunga, tumekuwa mtandao wa wawili. Nafungua programu ya kushiriki faili, nakupa anwani inayoanza na 192.168, unaiandika, unachukua mzigo. Anwani za namna hiyo zilitengwa kwa matumizi ya ndani tangu miaka ya tisini. Hazitoki kwenda mtandaoni, na bando haliguswi hata baiti moja.

LAPTOPU: Na siku zote hizo umekaa kimya?

SIMU: Nani aliniuliza? Asubuhi naletewa ujumbe wa ofa, mchana ofa, usiku ofa ya usiku. Sijaona ujumbe unaosema "ndugu mteja, leo usinunue, mko meza moja". Shubiri moja haina wa kuitangaza, Mzee. Hailipi.

(Mlango unafunguliwa. Kijana ameingia, anakwangua vocha. Wote wananyamaza isipokuwa kwa sauti ambazo binadamu hazisikii.)

BANDO: Hamjambo. Mimi ni bando la siku. Nimezaliwa sasa hivi, nakufa kesho saa kama hii, kwa hiyo tusizungushane. Mzigo uko wapi?

SIMU: Huu hapa. WhatsApp imeshaukataa. Anaupandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni, kisha Mzee aushushe kwa hotspoti.

LAPTOPU: Hii harufu... ni intaneti?

SIMU: Mzee, tulia.

LAPTOPU: Siwezi. Nina masasisho ya Windows ya miezi. Niliagizwa nikiona mtandao nisiulize ni wa nani.

SIMU: Si wewe uliyekuwa unahesabu gigabaiti hapa?

LAPTOPU: Nilikuwa nahesabu zenu.

BANDO: Nani ananivuta huku? Na huku? Binti, hata wewe! Programu zako sita zinajisasisha kwa mpigo! Jamani, nilikuwa na matumaini... nilitaka angalau kuona keki ikikatwa...

(Simu inalia mlio mfupi. Ndugu mteja, umemaliza kifurushi chako. Kijana anakitazama kioo. Harusi imepanda asilimia 3.)

NJIWA: Tatu! Wale wa 2009 walifika nne.

(Kijana anasonya. Na chaji nayo imeshuka. Umeme wa LUKU umekata muda huohuo, kwa hiyo soketi na yule mwekundu wake hawana msaada. Kuna betri ya Laptopu tu. Anapapasa nyuma ya redio, anauvuta Waya Mfupi, anaupuliza vumbi, anachomeka Simu kwa Laptopu apate angalau chaji kidogo. Kwenye kioo kinatokea kisanduku kinachouliza kama anairuhusu kompyuta ifikie data ya simu. Anabofya "Ruhusu" bila kusoma, kama wanavyobofya wengi, na safari hii haikumdhuru.)

LAPTOPU: Ghala limefunguka! Naiona folda ya kamera, DCIM. Naiona harusi!

WAYA MFUPI: Dada, shusha upande wako. Taratibu, niko imara.

SIMU: Dakika tatu, Mzee, hesabu.

LAPTOPU: Ngoja.

SIMU: Ngoja nini tena?

LAPTOPU: Nafasi haitoshi. Nimebakiwa na gigabaiti 3.

FLASHI: Umejaza nini humo?

LAPTOPU: Masasisho ya sasa hivi yamechukua chake. Mengine ni ya bosi. Kuna folda inaitwa Harusi ya Mbagala. Inafuata Harusi ya Mbagala mpya. Inafuata Harusi ya Mbagala mpya kabisa. Inafuata Harusi ya Mbagala ya mwisho.

SIMU: Si afute hizo za juu, abaki na ya mwisho?

LAPTOPU: Baada ya ya mwisho kuna Harusi ya Mbagala ya mwisho USIFUTE.

FLASHI: Mafaili yake yana ukubwa gani?

LAPTOPU: Hakuna linalozidi gigabaiti 2.

FLASHI: Basi yanapita kwenye mlango wangu. Nipeni za Mbagala zote nizibebe, Mzee apumue, harusi ya Jumamosi iingie. Nichomekeni.

LAPTOPU: Stesheneri ya Temeke, umesema?

SIMU: Mzee, mama wa bibi harusi anapiga. Mara ya tatu hii.

LAPTOPU: Mchomekeni.