Mgeni wa Juu ya Pazia

Wewe mwenye mke, watoto na mama mkwe chini ya bati moja, hili utalielewa bila kuelezwa mara mbili. Jumamosi moja hapa Morogoro nimejinyoosha kwenye kochi, akaingia Profesa amefumba kiganja. Profesa ni mwanangu wa pili, yuko darasa la tatu. Jina hilo alibatizwa na mjomba wake, maana hajibu swali bila kukohoa kwanza. Akafumbua mkono. Kinyonga mchanga, kijani kama jani la mpera, hata kidole changu kinamzidi urefu.

"Baba, paka alikuwa anamnyemelea kwenye michongoma."

Sijasema neno, Bibi Mbiu keshapanda juu ya stuli. Ndiye mama mkwe wangu. Wajukuu wamempa jina hilo kwa sauti yake, akiita mtu jikoni watu wanageuka sokoni. "Mkwe wangu, mtoe huyo! Ni mkosi! Si ndiye aliyetumwa na Mungu kuleta habari ya uzima, akajikokota njiani mpaka mjusi akamtangulia na habari ya kifo?" Profesa akakohoa, akamjibu bibi yake kwamba mwaka 2006 wanasayansi waliliita kundi zima la vinyonga Kinyongia, kwa Kiswahili chetu, na wengine wao wako milima hiyo hiyo ya Uluguru inayoonekana dirishani. Bibi akabaki juu ya stuli.

Kosa la kwanza lilikuwa la Shemeji Fasta, mdogo wake mke wangu. Kinyonga alikuwa keshapanda juu ya pazia, naye akataka kumng'oa. Kinyonga habanduliwi, jamani. Vidole vyake vimegawanyika, viwili huku na vitatu kule, vinabana kama koleo, na mkia nao umeshika, ukivuta utamvunja. Akajaa upepo, akapiga weusi, akaachama. Mama Profesa ndiye aliyemweza: alitega kidole mbele ya kifua cha kinyonga, juu kidogo, akanyamaza. Kinyonga hupenda kupanda. Baada ya dakika nzima ya kuyumbayumba kama jani kwenye upepo, akahamia mkononi mwenyewe. Nilimtazama mke wangu, nikakumbuka kwa nini nilimposa.

Halafu njaa. Huyu hali mchicha wala ugali, anataka kinachotembea, tena kisizidi nafasi iliyo kati ya macho yake mawili, na akiwa mdogo anataka kila siku. Profesa akaficha ndizi mbivu nyuma ya mtungi ili zivute nzi wadogo. Walikuja, na jirani zao, na ukoo wao. Siku tatu tumekunywa chai tukipunga mikono. Maji nayo hanywi kwenye kisosi. Mpaka umnyunyizie majani, alambe tone moja moja. Basi chupa ya kunyunyizia ya pasi ikahama, na mashati yangu yakaenda kazini na makunyanzi.

Lakini siku ulimi ulipofyatuka, ulimi mrefu kuliko mwili wake, ukamnasa panzi mchanga na kurudi kabla hujapepesa, nyumba nzima ilipiga kelele, na Bibi Mbiu akashuka kwenye stuli. "Rudia!" akamwambia, kama anaongea na mpiga ngoma.

Usiku huo kopo la nyenje, waliokusudiwa kuwa chakula chake lakini wakawa wakubwa mno, likapinduka. Unajua nyenje mmoja uvunguni anavyoweza kuunyima usingizi ukoo? Hao walikuwa ishirini.

Asubuhi Mama Profesa akatoa hukumu: mtoto huyu anahitaji jua ili mifupa yake ikomae, pazia halina jua, arudi mtini. Tukamweka kwenye mpera, juu, mbali na paka. Profesa alilia, nami koo lilinikaba.

Sasa kila usiku bibi na mjukuu wanatoka na tochi. Kinyonga akilala rangi hufifia, anang'aa mweupe kati ya majani, humkosi. Jana nimeanza tu kusinzia, nyenje wawili waliosalia wakipokezana chini ya kitanda, nikasikia mbiu kutoka uani: "Mkwe wangu! Amehama tawi! Njoo ushike ngazi!"

Nikavaa kandambili, nikatoka.