Ua wa Jirani Yangu wa Toronto

Kwa Ami yangu mheshimiwa, Mombasa.

Sisi huku Toronto tu wazima, ila mgongo wangu, ambao tangu Jumamosi umejitenga na mwili uliobaki na kushika madhehebu yake. Na sababu ya fitina hiyo ni ua.

Ua uliotutenga na jirani ulikuwa wa mbao, na nguzo zake zilikwisha kuoza pale zitokapo ardhini, mahali ambapo maji na hewa hukutana na kuvu hupata riziki yake. Juu mti mzima, chini mti mzima, katikati unga mtupu, hata siku moja ya upepo ua wote ukalalia mawaridi ya jirani. Naye, kwa kuwa watu wa huku wana adabu ya kutisha, akanitaka radhi yeye.

Kwetu pwani, boriti ya mkandaa ikichoka huitingisha, ukaing'oa, ukasimamisha nyingine, na adhuhuri hujaikosa. Huku haiwi. Jalidi ya majira ya baridi huteremka ardhini kadiri ya mita 1.2, na udongo wenye maji ukiganda hufura, ukakinyanyua chochote kilichosimamishwa juujuu. Kwa hiyo mafundi huzamisha nguzo kina hicho, kisha wakaimiminia zege, asije mtu akaitoa milele.

Wala ruhusa ya kuchimba hivi hivi haipo. Sheria ya jimbo la Ontario yamtaka mwenye nyumba, kabla hajatia sululu, aombe kuonyeshwa yapitapo mabomba na nyaya, bila ya malipo. Wakaja vijana wakapuliza rangi juu ya majani, manjano ya gesi, nyekundu ya umeme, buluu ya maji, hata kiwanja changu kikawa kama leso iliyoanikwa, imekosa jina tu.

Bei ya vibarua wa kuzing'oa nguzo zilizooza tulipoisikia, mke wangu alinikumbusha kuwa ukoo wetu ni wa watu wenye nguvu.

Basi sikiliza, Ami. Zege la nguzo moja, lenye upana wa sentimita 25, hupita kilo 100, na udongo wa mfinyanzi ulioroa hulikumbatia kwa mahaba. Huchimba upande mmoja, ukalowesha, ukakongomea misumari ya parafujo katika kisiki kilichosalia, ukafunga mnyororo, ukaunyanyua kwa jeki. Jirani aliiweka jeki yake pasi na ubao chini. Tukapiga mkono kwa bidii, nguzo ikatulia tuli, na jeki ikateremka taratibu kwenda kuizuru.

Usiniulize kwa nini hatukupasua kuni. Mbao za ua za huku, za kabla ya 2004, aghalabu zilinyweshwa dawa yenye aseniki, na moshi wake ni sumu. Mazege nayo wazoa taka hawayagusi. Yamejipanga barazani, na wageni huyakalia.

Sasa mashimo yako wazi, na mifuko ya saruji imekwisha wasili, maana nguzo mpya lazima zizamishwe vile vile. Nilimwuliza jirani ua huu utadumu muda gani. Akafikiri, akasema huenda miaka 20, kisha akaniuliza wanangu wana umri gani.

Wasalaam,
Mwanao.