Bwana Harusi Asiye na Kichwa

Anayenunua lenzi ya kuvuta mbali kwa ajili ya kamera ya kisasa huuliza bei tu. Anayeinunulia kamera ya renjifainda inabidi ajiulize pia habari za macho yake, mikono yake, hali ya hewa ya kwao na uvumilivu wa ndugu zake. Mimi ni mkazi wa kata ya Ramadhani, Njombe mjini, na hiyo hali ya hewa peke yake ingetosha kumkatisha tamaa mtu mwenye akili timamu.

Kamera yenyewe ni FED-2, urithi kutoka kwa mjomba. Alirudi nayo kutoka masomoni Kharkiv, pamoja na cheti na koti zito. Koti ndilo lililopata kazi siku hiyo hiyo, maana Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na Julai yake haina mzaha. Kamera ikakaa sandukuni hadi nilipoirithi. FED ni herufi za kwanza za Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi wa siri wa Kisovieti. Waliozitengeneza mwanzo, kuanzia mwaka 1934, ni vijana yatima na watukutu wa makao aliyoyasimamia mwalimu Anton Makarenko, nao walinakili Leica ya Wajerumani. Kamera yenye ukoo wa namna hiyo usitarajie ikuambie ukweli wote.

Na kweli haikuambii. Kwenye renjifainda hutazami kupitia lenzi. Unatazama kupitia kidirisha kilichoko juu, pembeni, na katikati ya kidirisha kuna doa ambamo kitu kimoja huonekana mara mbili. Unazungusha lenzi hadi picha mbili ziungane. Zikiungana, umbali umepatikana. Ukisahau kufungua mfuniko wa lenzi, kidirisha kitaendelea kukuonyesha dunia inang'aa, utapiga mkanda mzima kwa raha zako, na atakayekupa taarifa ni fundi wa kusafisha picha.

Tatizo la pili ndilo lililoleta kikao cha ukoo. Kidirisha cha FED-2 kimepimwa kwa lenzi ya milimita 50. Ukifunga lenzi ya milimita 135, chenyewe kinabaki palepale kukuonyesha kanisa zima, wakati mkanda unapokea sura ya paroko tu. Leica walilimaliza jambo hili mwaka 1954 kwa M3, iliyokuwa na mistari ya 50, 90 na 135 ndani ya kidirisha. Lakini M3, hata iliyotumika, ni mali ya kuandikiwa wosia, na mimi nilikuwa nimetumwa kupiga picha za harusi ya binti wa baba mdogo, Makambako, kwa bajeti ya soda na nauli.

Zilizokuwepo kwa uwezo wangu ni mbili, zote za Kisovieti, zote zikifungwa kwa uzi wa milimita 39, zote zikiwa wajukuu wa Sonnar aliyoibuni Ludwig Bertele kwa kampuni ya Zeiss: Jupiter-9 ya milimita 85, na Jupiter-11 ya milimita 135. (Mwenye Leica asizikimbilie. Uzi unaingia vizuri, ila vipimo vya umbali vya Wasovieti na vya Leica vinapishana kidogo, na kwenye lenzi ndefu hiyo kidogo inatosha kukutia aibu.) Shemeji yangu wa Dar es Salaam, ambaye ndiye angenunua, alipiga simu.

"Ya 135 ni kubwa zaidi halafu bei yake ndogo. Sasa unawaza nini?"

"Shemeji, ya 85 inafungua hadi f/2. Ile nyingine inaishia f/4. Mwanga unaoingia ni robo tu."

"Kwani harusi ni usiku?"

Ukoo ukaafiki kwa kauli moja kwamba 135 ni kubwa kuliko 85. Hesabu hiyo sikuweza kuipinga.

Shemeji akaifunga kwenye boksi, akaandika kwa kalamu nzito KIOO – USIANGUSHE, akaikabidhi kwenye basi la Mbeya ili ishushwe Makambako, pale barabara ya Songea inapochepuka kutoka barabara kuu ya kwenda Zambia. Kutoka kwetu Ramadhani hadi pale ni kama kilomita 60. Nikafika kwenye ofisi ya vifurushi, nikamsalimia kijana wa zamu, "Kamwene," naye akaitikia vizuri, akaingia ndani kutafuta kioo. Akatoka amebeba kioo cha mbele cha Noah.

"Hiki si changu. Changu ni kidogo."

Akarudi na kioo cha kabati. Nikamwonyesha kwa viganja ukubwa wa lenzi. Akanitazama kwa huruma, akasema vya pembeni hawana, wanapokea vya mbele tu. Boksi langu lilikuwa limeenda Mbeya, kwa sababu kondakta naye alitafuta kitu bapa Makambako asikione. Lilirudi kesho yake na basi jingine, likiwa limekaliwa, ila aluminiamu ya Kisovieti haijali makalio.

Ikabaki namna ya kutazamia. Vipo vidirisha vya ziada vya kuchomeka juu ya kamera, ila shemeji alikuwa hapokei tena simu zangu. Nikakumbuka hesabu moja ya kweli kabisa: fremu tupu ya milimita 36 kwa 24, yaani saizi ileile ya picha kwenye mkanda, ukiiweka milimita 135 mbele ya jicho, huonyesha eneo lilelile linaloonwa na lenzi ya 135. Haihitaji kioo, ambalo kwa wakati ule lilikuwa jambo la kunifariji. Fundi baiskeli wa mtaani kwetu akaikunja kwa spoku na kuisimamisha juu ya kamera, ikachomoza mbele kama antena. Mtoto wake akaniuliza inashika stesheni ngapi.

Harusi sasa. Jupiter-11 haioni vizuri kitu kilicho karibu zaidi ya mita 2 na nusu. Kwenye karatasi si shida. Lenzi ni ya mbali, basi kaa mbali. Lakini mita 2 na nusu zilizo wazi mbele ya madhabahu, kwenye harusi ya Makambako, hazibaki wazi. Zinajazwa na shangazi mwenye simu. Akiondoka huyo anakuja mwingine na tableti, na vigelegele vikianza wanaunda ukuta. Nje mawingu yalikuwa yamekaa juu ya mji, ndani taa zilikuwa za kuhesabu. Lenzi ndefu kama ile inataka shata ya 1/125 ili mkono usiiharibie picha; mwanga ule, kwa f/4, ulinipa 1/25, na mkono wenyewe ulikuwa unatetemeka kwa baridi ya Julai. MC akatangaza kwenye kipaza sauti kwamba ndugu yetu mwenye kifaa cha kupimia ardhi apishe njia ya maharusi.

Mkanda ulienda kusafishwa Dar es Salaam, na picha ziliporudi baba mdogo alizifungua mwenyewe, ukoo ukiwa umekaa.

"Mwanangu, kichwa cha mkwe wangu kiko wapi?"

"Kiko juu, baba."

"Juu wapi?"

Ilikuwa vigumu kueleza. Fremu ya spoku ilikaa juu ya lenzi, kwa hiyo kilichoonwa na jicho na kilichoonwa na lenzi vilipishana kwa sentimita kadhaa. Mtu akiwa mita 3 mbele yako, lenzi ya 135 inaona kimo cha nusu mita hivi, na ukipunguza sentimita hizo kwa juu, unapunguza paji la uso. Kilichoonekana safi kwenye mkanda wote ni kipaza sauti cha MC; mwenyewe aliyekishika alikuwa ameyeyuka. Katika umbali huo, kwa f/4, kina kinachotoka safi ni kama sentimita 12, wakati lenzi ya 85 ingenipa karibu 30. Mama alisikiliza yote hayo, kisha akauliza kwa nini sikusogea karibu.

Kwa renjifainda, basi, chukua 85 au 90 na uishie hapo. Mwenye shida ya mbali zaidi atafute kamera inayotazama kupitia lenzi. Nikon waliitoa F mwaka 1959, na wapiga picha wa simba na wa mpira wakahamia huko.

Mwenye ubishi, Jupiter-11 yangu inauzwa, ipo Ramadhani, kioo kisafi, uzi mzima, pamoja na fremu ya spoku bila malipo ya ziada. Bei ni maelewano. Kwa basi situmi. Njoo uichukue mwenyewe, na uje na sweta.