Namna ya Kuishi Uvira Huku Moyo Uko Kwenu

Ndugu mgeni, karibu Uvira. Umekuja na mkataba mfukoni, kahawa ya kwenu sandukuni na picha ya mji wako kwenye simu. Hatukukuagiza, lakini maadamu umefika, utasaidiwa. Mwongozo huu ni wa wote: wa Brussels, wa Dakar, wa Nairobi, hata wa Kinshasa, ambaye yuko nchini mwake lakini ndiye anayeshangaa kuliko wote.

1. Salimia kwanza

Usiingie dukani ukataja sabuni. Sabuni haikimbii. Anza na jambo, uulize usiku ulivyokwenda, kisha watoto, kisha kazi. Mwanamume mtu mzima mwite papa. Mwanamke aliye rika la mama yako mwite mama. Aliye rika la binti yako lakini anauza nyanya, naye mwite mama, maana bei anaipanga yeye. Ewe wa Dar es Salaam, usijidai kwamba lugha ni yako. Utaeleweka vizuri, kisha mtoto atakuambia unaongea kama redio.

2. Fahamu tabia za pesa

Dola hapa hukaguliwa kama bibi harusi: inageuzwa, inainuliwa juani, inapapaswa pembe zote nne. Ikiwa na mpasuko mwembamba kama unywele, utarudishiwa, hata kama jana ulichenjiwa na mtu huyo huyo. Ila noti ya faranga iliyolowa, ikakauka, ikalala miezi kwenye fundo la kikwembe, hupokewa bila swali. Sokoni utamkuta mama wa lengalenga anayepiga hesabu ya dola, faranga za Kongo na faranga za Burundi kwa pamoja, huku ananyonyesha. Wewe mwenye shahada ya uchumi utatoa simu. Mkishapatana bei, omba matabishi: atakuongezea nyanya moja juu ya fungu. Lakini usibishanie faranga mia mbili huku gari lenye antena ndefu linakungoja barabarani.

3. Jifunze jua linavyofanya kazi

Milima ya Mitumba imesimama magharibi, nyuma ya mji. Kwa hiyo jua la Uvira hufunga ofisi mapema: kivuli kinatushukia wakati ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Bujumbura, bado wanaota jua. Usipige simu kwenu kulalamikia jambo hili. Kuhusu saa zenyewe, Nairobi wako mbele yetu kwa saa moja na Kinshasa wako nyuma kwa saa moja. Mkubwa wako wa Nairobi atapiga kwake saa mbili asubuhi, akukute kitandani, akuandike mzembe. Wa Kinshasa atapiga ukiwa umeshanawa mikono mbele ya bugali, kwa kuwa kwake kazi haijaisha. Wote wawili wajibu kwamba mtandao unasumbua. Wataamini, ni Uvira.

4. Kula kwa kutazama mbinguni

Ndagala huvuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu, taa hazimdanganyi samaki, soko linapungukiwa na bei inapanda. Kabla ya kualika wenzako, achana na kalenda ya ofisi, utazame mwezi. Ukiandaliwa mukeke wa kuchoma, usiache kichwa: mwenye nyumba anakuangalia na atawasimulia wengine. Na ukisikia kitu kizito kinatafuna majani nje ya ukuta saa sita za usiku, usidhani ni mlinzi. Usitoke kupiga picha pia. Kiboko hana haja na intaneti yako.

5. Fanya tathmini kama wazee wako

Mnamo Aprili 1858, Waingereza wawili, Richard Burton na John Speke, walifika Uvira kwa mitumbwi kutoka Ujiji. Walikuwa na swali moja: mto Ruzizi unatoka ziwani au unaingia? Burton alikuwa na vidonda vya ulimi, kuongea kwake taabu. Speke mdudu alikuwa amemwingia sikioni mwezi uliotangulia, kusikia kwake taabu. Wakawauliza wenyeji, wakajibiwa kwamba unaingia. Wapiga makasia wakakataa kusonga mbele, mto wenyewe hawakuufikia, wakarudi kwenda kuandika. Miaka 13 baadaye, Novemba 1871, wakaja Livingstone na Stanley kwa tathmini ya pili. Wakagundua kwamba mto unaingia.

Mwaka 1965 akaja mwanamapinduzi Ernesto Che Guevara. Alivuka kutoka Kigoma hadi upande wa Fizi, kusini kwetu, akajiita Tatu, akaanza kujifunza Kiswahili. Baada ya miezi saba, ambayo ndiyo urefu wa mikataba yenu, aliondoka na kitabu kizima cha masikitiko. Wewe utaandika kurasa kumi tu, nazo tutazijibu vile vile: tutakuja mkutanoni, tutakunywa soda, tutakubali kila kitu.

6. Vuka, upunguze hamu

Siku moyo ukikuelemea kabisa, uliza kwanza kama mpaka uko wazi, kisha pitia Kavimvira na Gatumba uende Bujumbura. Hata kilomita 30 hazifiki. Huko utapata lami, kahawa yenye povu na watu wa kukaa nao bila kuzungumzia bajeti. Utapata pia dereva wa teksi atakayekuuliza, kabla ya salamu, petroli ni bei gani Uvira. Miaka hii ya karibuni mafuta yamekuwa adimu kwao, na madumu yanatoka kwetu. Utakuwa umesafiri kwenda kutamani mji, ukakuta mji unatamani ulikotoka.

7. Lalamika kama mwenyeji

Hili ndilo somo lenyewe. Umeme ukikatika, mgeni mbichi humpigia mtu wa lojistiki na kumkumbusha kwamba kwao haukatiki. Mwenyeji hutoka nje kuangalia kama jirani naye yuko gizani. Akikuta avenyu nzima ni nyeusi, anashusha pumzi. Kifo cha wengi harusi, na giza la wengi kikao. Vuta kigoda, ungojee zamu yako, useme la kwako kuhusu umeme, maji na barabara ya Bukavu. Usitoe suluhisho, utavunja kikao. Usitaje mji wako, hakuna aliyeuuliza. Na siku wakiuuliza, sema kweli: kwetu ni pazuri sana, umeme upo siku zote, ndiyo maana sijui hata jina la jirani yangu.