Jogoo Aliyepigana na Kava la Klachi

Vumbi la Kyerwa halina adabu. Ni jekundu, laini, na hupenda kukaa palepale ulipotoka kufuta. Ndiyo maana nilipotangaza kwamba nitaing'arisha injini ya Yamaha DT yangu, pikipiki ya matope iliyostaafu kazi ya bwana shamba, majirani hapa Nkwenda walinitazama kwa huruma. Mama alisema tu, "Una nguvu za ziada, mwanangu, na kahawa haijapaliliwa."

Nikamjibu kwa historia. Huku ni nchi ya wahunzi: muda mrefu kabla Kyerwa haijamegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, kabla hata Waingereza hawajaja na habari zao za kuchimba bati, Omukama Rumanyika, mfalme wa Karagwe, yule aliyempokea msafiri Mwingereza Speke mwaka 1861, alikuwa na ng'ombe wa chuma katika hazina yake huko Bweranyange. Mama akauliza kama Rumanyika aliwasugua mwenyewe.

Kazi yenyewe haina siri, ina mikono tu. Unamwaga oili, unafungua kava la klachi, unaagana na gasketi (itachanika, na nyingine utaikata kwenye boksi la biskuti), kisha unaondoa rangi ya kiwandani. Unaanza na msasa namba 400 uliolowa maji ya sabuni, unapanda 800, 1200, mpaka 2000, kila namba ikifuta mikwaruzo ya mwenzake. Anayeruka namba huumbuliwa na jua. Mwisho ni dawa ya kung'arishia na fulana kuukuu. Aluminiamu haipati kutu kama chuma. Ikikutana na hewa hujivika utando mwembamba usioonekana, na huo ndio ulinzi wake. Ila utando huo hauvumilii majivu wala magadi.

Hapo ndipo alipoingia shemeji. Shemeji ni mtu wa kusaidia, na msaada wake huwa hauombwi. Usiku, mimi nimelala, akachoma maganda ya ndizi, akakoroga majivu na maji, akalizamisha kava humo. Hoja yake: bibi yake alikuwa akitengenezea sabuni majivu hayohayo, na nguo zilitakata. Zilitakata kweli. Lakini majivu ya ndizi ni makali. Yakishamaliza utando huanza kuila aluminiamu yenyewe. Asubuhi kava lilikuwa limepauka na kuingia weusi. Shemeji akaligeuza huku na huku, akasema, "Naona limeanza kulainika."

Nikarudi namba 400.

Lilipong'aa tena nikalifunga mahali pake, nikaiegesha pikipiki uani, nikaingia ndani kunywa chai. Jogoo wa Mama akapita. Akaona jogoo mwingine amesimama kwenye himaya yake bila kubisha hodi. Kwa kuwa kava limevimba kwa nje, mgeni alionekana mdogo, na hilo lilimpa wetu ujasiri asiokuwa nao siku zote. Alimrukia. Yule naye akaruka, tena wakati uleule, jeuri isiyovumilika. Nilipotoka na kikombe mkononi, kazi ya namba 2000 ilikuwa imejaa mistari ya kucha. Mama alifika mbio, akamkagua jogoo mdomo na kishungi, kisha akaniuliza mnyama huyu amenikosea nini. Kava halikuulizwa hali.

Tangu siku hiyo pikipiki inafunikwa gunia, lakini habari zilikwisha kuvuka migomba. Kina mama wa kikundi cha harusi wamekuja na masufuria yao yote, yale makubwa ya kupikia pilau. Nayo ni aluminiamu, wamenikumbusha. Bei sikuulizwa, Mama amekwisha kuafikiana nao: masufuria matatu kwa mkungu mmoja wa ndizi, mkungu upelekwe kwake. Shemeji ameteuliwa kuwa msaidizi wangu. Nimemkataza kabisa kugusa majivu.

Amekubali bila ubishi. Ila anauliza kama magadi yanaruhusiwa.