Mche na Mgeni Rasmi

Kila halmashauri nchini, Ilemela ikiwemo, imeagizwa kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka. Siku ya Taifa ya Kupanda Miti ni Aprili 1, ambayo pia ni Siku ya Wajinga, tusiseme mengi. Kwetu Kiseke, humo humo Ilemela, tunaolala chini ya bati na kuzungusha feni mpaka LUKU inalia, mwarobaini mmoja upande wa machweo ungekuwa ruzuku tosha ya umeme. Ila fungu la kupanda miti hutosha hema, vipaza sauti, fulana na soda ya mgeni rasmi. La kumwagilia Julai, mvua zikishakata, halionekani. Anayeufuatilia mradi kila siku ni mbuzi wa mtaani, na hajawahi kudai posho.