Sifa za Mtumishi Bubu

Ufuo wa Diani umesifiwa vya kutosha, hata mbega wanaovuka barabara kwa madaraja ya kamba wana wapenzi wao. Leo ni zamu ya syslog, mtumishi anayekaa ndani ya seva za Unix kuandika nani ameingia na faili gani limepita. Eric Allman alimleta duniani huko Berkeley, Marekani, miaka ya 1980, ahudumie programu ya barua ya Sendmail. Hajaomba likizo tangu hapo.

Sifa yake kuu ni adabu. Chukua hoteli yoyote ya Diani inayotuma faili la wageni Nairobi kila usiku kwa sftp. Asubuhi Nairobi wanadai halikufika. Fundi anafungua /var/log ya seva inayopokea huku mhasibu amemsimamia kichwani: hakuna kitu. Bila kuamriwa vingine, sftp humwambia syslog penye kosa tu, na kwa jina la auth, si ftp kama ungedhani. Fundi anapandisha kiwango cha logi hadi INFO, anatuma faili la majaribio. Kimya. Kumbe mtumiaji amefungiwa ndani ya chroot kwa ajili ya usalama, na humo hamna soketi ya /dev/log ya kupokea neno. Wazee wa msitu mtakatifu wa Kaya Kinondo wanajua kutunza siri, lakini hata wao humpasulia mtalii mawili matatu.

Na akisema, hupima maneno. Kwa mtindo wake wa zamani huandika mwezi, siku na saa. Mwaka ni juu yako. Seva ikiwa kwenye UTC, logi inasema 18:00, simu ya fundi inasema 21:00, na fundi mwenyewe anasema ni saa tatu usiku. Wote watatu wako sahihi.

Wapo wakorofi wanaomfungulia rsyslog, sura yake ya kisasa, soketi ya pili ndani ya chroot. Hapo adabu yote huisha: anataja kila faili lililofunguliwa, lililofungwa, na baiti zilizoandikwa. Umbea mtupu.

Basi wenzangu mnaolinda seva kuanzia Likoni hadi Lunga Lunga, mwacheni na heshima yake. Mkitaka kujua kama faili limefika, mpigieni simu mhasibu wa Nairobi. Huyo hana kiwango cha INFO wala ERROR, husema yote.